Baba, Ulinifuata Hadi Tunduru

Baba Mchungaji, shikamoo.

Mahindi yako ya Maposeni tumeyavuna. Vijana wa kanisa walikuja na baiskeli, wakayabeba hadi ghalani, Mama Mchungaji, mkeo, akawapikia. Hakulia. Mimi ndiye niliyeshindwa, nikazunguka nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kamba.

Huku mjini Songea utapotea ukija. Maduka yamefunguliwa kila kona, redio zinashindana kupiga kelele, na hapa kwetu Ruhuwiko kuna kanisa jipya lenye spika, karibu kabisa na letu. Waumini wangu wengine wanasali huko. Zamani ningekuja kwako kulalamika. Ungenikalisha chini, ungeendelea kupukuchua mahindi, ungesikiliza mpaka mwisho. Kisha ungesema, "Haya, sasa tumwambie na Mungu." Miaka yote ile nilikuja na mizigo yangu, nikaitua mbele yako, nikaondoka mwepesi. Sikumbuki hata mara moja nilipokuuliza wewe unaendeleaje.

Unajua nilivyokuwa mwaka ule wa vito, mawe ya thamani yalipogunduliwa. Kila mwenye miguu alikwenda Tunduru. Kijana wa kwaya yangu alirudi na pikipiki, na mimi nilikuwa nasimama madhabahuni na suruali yenye viraka, nikihubiria mabenchi. Mke wangu alikuwa halalamiki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kuomba kulinishinda. Nikifungua mdomo, hakuna kitu. Nikaja kukuaga. Nikasema uchungaji basi, naenda kuchimba kama wenzangu.

Nilijiandaa kugombezwa. Wewe ukaniuliza, "Lori linaondoka saa ngapi?" Asubuhi yake nikakukuta stendi, umevaa koti lako la kahawia, umekaa juu ya magunia kabla yangu.

Baba, kwa nini sikukushusha?

Mvua ilitunyeshea njia nzima. Lori lilipokwama, ulishuka ukasukuma na vijana, matope hadi magotini. Nilikusikia ukikohoa, nikadhani ni vumbi la magunia. Vumbi, kwenye mvua ile! Nilikuwa nawaza mawe tu.

Mzee Saidi alitupokea kwenye shamba lake la mikorosho, watu asiowajua, tena wa dini nyingine. Alipoona unatetemeka alikupa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Mimi kulipokucha nikaenda mashimoni. Ndiyo, nilikuacha na homa nikaenda kuchimba. Jioni nikirudi ulikuwa unaniuliza habari za wachimbaji, majina yao, wametoka wapi. Hukuniuliza nimepata nini.

Halafu shimo lile likaporomoka na watu ndani. Walipowatoa, mmoja alikuwa bado anapumua, Mngoni mwenzetu, akawa anaita apatiwe mchungaji. Nikakimbilia kwako. Nilitaka uende wewe. Ukajaribu kuinuka, ukashindwa, ukanishika mkono. "Edson, anakuita wewe. Nenda."

Nikasema sina maneno.

"Nenda hivyo hivyo."

Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamshika yule kijana kichwa. Sala ilitoka yenyewe, Baba, ya Kingoni, ile aliyonifundisha mama yangu. Alikufa akiwa ananitazama. Niliporudi uliniangalia udongo magotini, ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea ujumbe. Kesho yake tulipanda lori la kurudi Songea. Njia nzima nilikuegemeza begani kwangu.

Hukumaliza wiki hospitalini.

Kwenye matanga ndipo Mama aliponiambia kwamba daktari alikukataza safari kwa ajili ya kifua. Alikusihi ubaki. Anasema ulimjibu, "Akienda peke yake hatarudi." Mama ananiambia nisijilaumu, kwamba ulikwenda kwa hiari yako. Naitikia, "Ndiyo, Mama." Lakini kila nikivaa joho Jumapili najua limebaki mwilini mwangu kwa sababu gani. Watu wananisifu siku hizi, wanasema nahubiri vizuri. Natamani wanyamaze.

Nisamehe. Sisemi nisamehe kwa kukata tamaa, hilo ulilielewa. Nisamehe kwa kutokugeuka kukutazama.

Baba, nakuahidi mambo mawili. Mama hatalima peke yake nikiwa hai. Na yule mchungaji mwenzetu wa upande wa Mbinga, aliyefunga kanisa tangu mkewe alipofariki, sitamwachia maaskofu na vikao. Nilimtumia salamu kwamba naomba kuja kukaa naye, sina hotuba wala onyo, na kwamba mimi mwenyewe bado naumwa moyoni.

Jana amejibu. Amesema nije.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Edson