Nilifagia Bustani ya Mkwe Wangu, Sasa Wanataka Kuhama

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na usinione nimepungukiwa, sijazoea kuomba, mimi ndiye huombwa. Naishi na mwanangu, mkewe ambaye ni fundi cherehani, na mjukuu wangu, nyumba ni yangu na ua ni wangu, na tangu niolewe hakuna aliyewahi kukuta jani limelala uani kwangu mpaka saa ya chai. Sasa huyu mkwe kalima matuta ya nyanya na bilinganya nyuma ya jiko, vizuri, sina neno, lakini juu ya matuta anamwaga majani makavu, nyasi, maganda ya ndizi, nikamuuliza, "We binti, hapa ni kwa watu au ni jalalani?" Akanijibu kwa upole, "Mama, hilo ni shuka la udongo, ukilivua jua linauchoma." Nikamwambia, "Kumbe udongo nao una homa!" Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Basi kila asubuhi akishaketi kwenye cherehani yake, mimi nafagia matuta mpaka yanang'aa, nachoma yote, na nyanya zikinyauka nasema hiyo ndiyo mikono ya mvivu.

Mambo yaliharibika mama yake mzazi alipokuja kututembelea, nikamshika mkono mpaka bustanini nikamwambia, "Huyu mwanao hukumfundisha usafi." Yule mama akabaki anatazama viatu vyake. Toka siku hiyo mkwe wangu jembe kaliegemeza ukutani, ananisalimia na kupita, na mwanangu ameanza kuulizia vyumba vya kupanga mtaa wa pili.

Na kinachonikereketa, pale nyuma ya tangi la maji goti langu halinifikishi, majani yamebaki, na nyanya za pale zimebeba mpaka matawi yameinama. Juzi nikajikongoja kwa fimbo mpaka pale, nikatia kidole, udongo una unyevu na hakuna aliyemwagilia. Sijamwambia mtu. Sitaki waondoke, mjukuu wangu hulala kwangu, anakoroma kama mzee. Lakini mtu mzima kama mimi nitamwombaje msamaha mtoto? Nijibu, na usinizungushe.

Bibi wa Ua Safi

*

Bibi, sikuzungushi. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa hicho kiburi, maana naona ndicho kinachokuuma.

Jibu la bustani umeshalipata kwa kidole chako mwenyewe. Udongo ulioachwa wazi unakauka na kuwa mgumu. Yale majani yanatunza maji, kisha yanaoza na kuwa chakula cha mmea. Wewe unakichoma chakula hicho, halafu moshi unamwingia mjukuu wako kifuani. Acha kuchoma, leo. Fagia mbele ya mlango mpaka uchoke, lakini matuta si sebule.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba ulimwaibisha binti wa watu mbele ya mama aliyemzaa, na yule mama ukamtukania malezi yake, naye ni mgeni wako! Unashangaa wanatafuta chumba?

Basi fanya hivi. Mpigie simu mama yake, mkwe wako akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Sema, "Nilikosea. Mwanao ni msafi, na bustani anaijua kuliko mimi." Uishie hapo. Usiseme "kama nilikukwaza," usitaje umri wako, wala usimtume mwanao akusemee. Ukikata simu, mgeukie mkwe umwambie ulichokiona nyuma ya tangi, umuulize tuta gani lifunikwe kwanza. Akikuonyesha, lifunike, hata kama macho yanakuwasha.

Na wakiamua kuhama pamoja na hayo, usijilize mlangoni. Wasaidie kufunga mizigo, kisha mwombe mkwe wako mche mmoja uupande mwenyewe, mbele yake. Aliyekupa mche hakai mbali. Atakuja kuutazama, na mjukuu atakuja naye.