Margareta na Warushaji wa Columbus

Louisville, Agosti 2015

Dada Florida wa huko Buffalo,

Sisi wazima. Timu yetu ya besiboli ndiyo mgonjwa, maana mchezaji akiiva tu, timu kubwa inamchukua. Kocha angeniuliza mimi, tungekuwa mabingwa.

Sasa nashuku hata nyumbani wananichukulia mtu. Juzi wachezaji wa Columbus walikuja kutufunga, na binti yangu Margareta akawapigia makofi. Warushaji wao wa mpira anawajua wote kwa majina.

“Nani amekufundisha?”

“Baba, tazama mchezo.”

Wewe ndiye shangazi yake, na kwetu mchumba hutajwa kwa shangazi kwanza. Yupo kijana wa Columbus aliyekupigia simu? Usinifiche. Kofia ya timu yao nimeshanunua, ila nimeificha chini ya kiti cha gari mpaka unijibu.

Kaka yako, mjuzi wa mambo,
Jovini