Nyumba Nyeupe Imemfungia Baba Mkwe Chumbani

Mpendwa Shangazi Ragnhild, nisaidie maana nyumba ya ndoto yangu inanivunjia familia,

Tunaishi mashambani Jämtland, huku Uswidi, mimi, mume wangu Eskil na baba yake, mzee Torvald, kwenye nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe, na tangu niolewe hapa nimekuwa nikiota nyumba nyeupe, tupu, weupe ule wa asubuhi theluji ya kwanza inapoanguka na dunia nzima inanyamaza, basi vuli hii nikapaka kuta, sakafu na dari, nikatoa mapazia, benchi la bluu la jikoni na kabati jekundu nikavipeleka ghalani, nikaweka viti vyeupe, meza nyeupe, vikombe vyeupe, na Shangazi, jua linapochungulia zile saa zake chache za majira ya baridi nyumba inaelea, nakaa na kahawa yangu nahisi nimo ndani ya wingu.

Ila mzee amenuna. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, umeleta theluji mpaka ndani," nikacheka nikidhani ananisifu, tangu hapo anamimina kahawa kando ya kikombe, juzi amekikosa kiti akaketi sakafuni puu, nikamwambia, "Baba, kama hupendi sema tu, acha vituko," akanijibu, "Nyumba nzuri, binti, mimi ndiye nimezeeka," na sasa hatoki chumbani kwake, amemwomba Eskil amtafutie nafasi kwenye makao ya wazee kabla ya Krismasi, Eskil hasemi nami, na mimi nampenda huyu mzee, je, nifute weupe wote au nimwache aende?

Solveig

Solveig mwanangu,

Nimekaa kidogo kwenye hilo wingu lako, nikatamani nisishuke. Sikulaumu kwa kutamani mwanga Desemba hii. Lakini una macho na huoni! Mzee hajanuna, mzee haoni vizuri. Nani huku kwetu anamwaga kahawa kwa makusudi? Kikombe cheupe juu ya meza nyeupe, kwake hakipo.

Kila vuli, nani huchomeka vijiti kando ya njia yenu, ili theluji ikifunika kila kitu trekta la kuisukuma lione ukingo, lisitumbukie mtaroni? Nina hakika ni yeye. Basi lile benchi na lile kabati ndivyo vilivyokuwa vijiti vyake humo ndani. Umeving'oa, kisha ukamwita mtu wa vituko. Ona aibu kidogo, halafu inuka.

Kuta ziache, ni nzuri. Leo hii rudisha benchi palepale lilipokuwa, si karibu na hapo. Kabati vilevile. Mtafutie kikombe chekundu. Eskil naye aache kununa, ampeleke kwa daktari wa macho wiki hii, na habari za makao ya wazee zikome.

Kisha gonga mlango wa mzee, mwombe radhi, umwambie, "Baba, vijiti vimerudi njiani." Usimshike mkono. Atakuja mwenyewe.