Gesti Nimeghairi

Mama na Baba,

Nimekwenda chuoni kutetea utafiti wangu mbele ya walimu. Nitarudi saa nane.

Chai iko kwenye chupa. Mchana msile kwenye mkahawa wa getini, wanafunzi hujazana na wali hufika umepoa. Nyuma ya duka la fotokopi kuna mama anayepika maharage ya kumnyamazisha hata Baba. Mwambieni nyinyi ni wazazi wa "Profesa"; ndivyo anavyoniita.

~~Kulala ni gesti ya karibu na maktaba, chumba namba nne.~~

Hapo nimefuta. Asubuhi mliposhuka kwenye basi nikawatajia gesti, Mama ulisema, "Kumbe sisi ni wageni." Ukweli niliona haya kwa hapa kwangu: chumba kimoja, kitanda kimoja, na dari linavuja. Lakini nimetoka kuoga nikawakuta mmejibana kitandani na viatu miguuni, mnakoroma kwa zamu. Nimecheka peke yangu mpaka woga wa leo umeniisha.

Mtalala hapahapa, mimi nitatandika chini. Baba, mlango wa kabati usiuguse, ukifunguka haufungiki tena.

Niombeeni.

Binti yenu