Kanyageni, Ataamka: Kumbukumbu ya Ustadh Wadih Sarruf

Kwa heshima, taadhima na majonzi yasiyopimika, ukoo wote wa Sarruf, shina na matawi, wa hapa Ain Zarur na wa ng'ambo mpaka Brazili, unasimama leo kama mtu mmoja kutimiza mwaka tangu ulipotutoka, Ustadh Wadih.

Huo ni uongo kidogo, Babu. Hatujasimama. Bibi Adla amekaa kwenye kiti chako, Shangazi Najla yuko jikoni anagombana na birika la kahawa, na wale wa Brazili walipopigiwa simu waliuliza, "Wadih yupi?" Tangazo hili limeandikwa na mjukuu wako Lamis, kwa kuwa ndiye anayesoma shule ya bweni kwa masista, na inasadikiwa kwamba huko hufundishwa maneno makubwa. Litabandikwa mlangoni pa kanisa na ukutani pa duka la mikate, mahali palepale lilipobandikwa la msiba.

Mwaka umetimia, basi. Kahawa bado tunainywa chungu, ya matanga. Bibi bado amevaa nyeusi.

Ulifundisha dabke, mchezo wetu wa kukanyaga kwa mstari, watoto wa darasa la kwanza na la pili, kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Kuwapanga watoto wadogo bega kwa bega, washikane mikono bila kuvunjana vidole, kisha wote wakanyage ardhi kwa kishindo kimoja, kulikuwa kama kuwapanga kuku. Hawakujua kulia wala kushoto. Ukapaka chaki kiatu cha kulia cha kila mmoja, ukawaambia, "Cheupe kinapiga, cheusi kinangoja." Suruali zako zote zilikuwa na chaki magotini. Bibi amezihifadhi hivyohivyo.

Uliwafundisha kwamba mchezo huu haukuanzia harusini. Ulianzia juu ya mapaa, zamani nyumba za hapa zilipoezekwa kwa udongo, majirani wakapanda pamoja kuukanyaga ushikane kabla ya mvua.

"Kwa hiyo ukikosea wewe, Jad," ulisema, "tone linamwangukia mwenzako puani, amelala."

"Ustadh, kwetu paa ni la zege."

"Basi litakuangukia wewe kichwani, zege likutane na zege."

Lakini watoto walikupendea kitu kingine. Mmoja alipokanyaga nje ya pigo la ngoma, ulishika kifua, ukayumba, ukaanguka chali katikati ya uwanja. "Umeniua! Mwiteni padri! Mwambieni Adla asigawe suruali zangu!" Walicheka mpaka wakakaa chini. Na dawa ilikuwa moja tu: mstari mzima ukanyage pamoja. Wakipatia, ulifungua jicho. Wakipatia tena, ulitikisa ncha ya kiatu. Mwisho uliinuka, ukajipangusa vumbi, ukasema, "Nimefufuka, tuendelee." Padri hakulipenda neno hilo.

Siku ile ya mwisho mlikuwa mnajiandaa kwa sherehe ya shule. Mpiga ngoma wako alikuwa amekwenda kuchuma matunda ya cheri, na Lamis alikuwa amerudishwa nyumbani wiki nzima kutokana na kisa cha chumvi ndani ya bakuli la sukari la masista. Ukampa ngoma. Ulisema angalau akiwa na ngoma mikononi utajua mikono iko wapi.

Katikati ya mchezo, Maram, binti wa jirani yetu Hiba, alikanyaga peke yake. Kishindo kimoja kidogo, wenzake wakiwa bado mguu juu. Ulishika kifua. Ukayumba, ukaanguka. Hukusema kitu kuhusu padri wala suruali, lakini nani alikuwa anasikiliza?

Watoto wakakanyaga. Hukufungua jicho.

"Ustadh leo mkaidi," Jad akasema. "Kanyageni kwa nguvu, nyie! Kwani mna miguu ya mkate?"

Wakakanyaga kwa nguvu. Ngoma ikaendelea. Vumbi likapanda, likatua usoni pako, na wewe hukupiga chafya. Hapo ndipo Maram alipouachia mkono wa mwenzake.

Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Alisema pia kwamba kama angeitwa mapema, labda. Hakuimalizia ile labda, na hatujathubutu kumwomba aimalizie.

Tangu hapo Maram anatembea kwa ncha za vidole. Shuleni, kanisani, hata akishuka ngazi. Mama yake alidhani ni mchezo, kisha akadhani ni viatu, kisha akampeleka mjini kwa daktari wa mifupa. Mifupa ni mizima. Majuzi tu, mwalimu mpya alipoanza kupanga mstari wa kukukumbuka Jumapili hii baada ya misa, ndipo mtoto aliposema sababu. Alikataa kushika mkono wa mtu. "Mimi nikikanyaga vibaya, mtu anakufa." Ana miaka saba. Pembeni ya Jad wameacha nafasi yake wazi, na Hiba anasema asipoweka kisigino chini kwa ajili yako, hajui atakiweka kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo familia ikaamua tangazo hili liseme neno la kumtuliza. Jana alasiri Lamis alilisoma sebuleni, Hiba na Maram wakiwa wageni wetu. Alipofika hapa alitunisha kifua, akasoma kwa sauti ya padri: "Nayo familia, kwa moyo mkunjufu, inamsamehe mtoto Maram kosa lake la mguu."

"Rudia," Bibi Adla akasema.

Lamis akarudia polepole, kama mtu aliyesifiwa.

"Nani alikosea?"

"Maram, Bibi. Lakini si tumeshamsamehe?"

"Siku ile nilikuwa dirishani hapo nachambua dengu. Uwanja wote nauona. Nimelala na dabke kitanda kimoja tangu niolewe, usinifundishe mimi. Mguu wa Maram ulishuka mahali pake. Pigo la ngoma ndilo halikuwepo."

Shangazi Najla akatokea mlangoni, birika mkononi. "Mama, unasema nini?"

"Sisemi. Namuuliza mpiga ngoma."

Lamis akasema ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea. Akasema mkono uliteleza. Akasema kulikuwa na nyigu.

"Nyigu," Bibi akasema. "Nilinyamaza nikijua ni utani wako na babu yako, utakuja kuutema mwenyewe. Sikujua kwamba mtoto wa watu ndiye anayeubeba. Na sasa unamsamehe! Huna hata haya?"

Basi sentensi ile imefutwa, na kuanzia hapa si familia inayosema. Ni mimi, Lamis.

Niliruka pigo kwa makusudi, Babu. Nilitaka uanguke. Dabke yenyewe ilinichosha. Nilichopenda ni kule kuanguka kwako, na padri, na suruali. Watoto wengine walibaki mguu juu wakiingoja ngoma yangu. Maram peke yake alikanyaga pale ulipomfundisha. Sijui kama ulianza kuanguka kwa mzaha ukamalizia kwa kweli. Sijui kama ulinitazama. Ulipokuwa chini niliendelea kupiga, kwa kuwa nilijua kosa ni langu na nimelipanga, kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba unatania. Watoto walinitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Hakuna aliyekimbia kumwita daktari, kwa sababu ngoma ilikuwa inalia.

Niliyasema haya sebuleni, mbele yao wote. Maram alikuwa ameshika kiti.

"Kwa hiyo si mguu wangu?"

"Si mguu wako."

"Apa."

Nikaapa kwa jina lako. Akaja katikati ya sebule, akateremsha kisigino taratibu, kisha akakanyaga vigae mara moja. Halafu akageuka haraka kumtazama Bibi, kuona kama bado yu hai.

"Nipo," Bibi akamwambia. "Haya, na kile kingine."

Jumapili sitapiga ngoma. Nitapaka chaki viatu vya kulia, vya wote, kisha nitasimama pembeni.

Unakumbukwa na mkeo Adla. Wanao Najla na Tanius. Watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao wengine bado wanauliza kama walikanyaga vya kutosha. Hiba na binti yake Maram, ambaye hakukosea. Na mjukuu wako Lamis, aliyepiga ngoma. Hutasahaulika kwetu kamwe, Babu.