Kinu Alichochagua Furio

Trieste, Jumatatu

Mpendwa Dada Nives,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Melbourne, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mimi nina mafua kidogo, mama ni mzima kunishinda, na mdogo wetu Furio bado ni Furio, ugonjwa ambao hospitali hazijaupatia dawa.

Uliniuliza kwenye simu habari za kinu cha kahawa nikakujibu juujuu, kwa sababu mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Sasa nakuandikia ujue yote.

Unakumbuka mama aliteleza kwenye ngazi mwezi wa Oktoba. Alichubuka goti tu. Lakini Furio alifunga safari kutoka Udine kama mtu anayekuja mazikoni, akakalia kiti cha marehemu baba, akatangaza kwamba mwanamke wa umri ule hana shughuli ya kushuka ghorofa nne. Mama akamwambia anayo: kahawa ya kila asubuhi kwa Uccio, kwenye mkahawa wa chini. Furio akasema basi kahawa itapanda juu. Atamnunulia mashine ya espreso na kinu chake, na siku atakayomnywesha jikoni kwake kahawa nzuri kama ya Uccio, asishuke tena. Mama, kwa kiburi chake unachokijua, akampa mkono. "Siku hiyo nitakaa ndani, naapa kwa kaburi la baba yako. Ila mwonjaji ni mimi."

Moyo ulinishuka, dada. Mama asiposhuka kwa Uccio hana wa kutaniana naye wala wa kumsengenya, atabaki na mimi na mafua yangu, akitazama njiwa dirishani mpaka afe. Na mama yetu hajawahi kuvunja neno lake.

Mashine ilipatikana upesi. Kinu ndicho kilichomtoa Furio akili. Mtu mzima, mwenye duka la miwani, alikichagua kama anayechagua mke, na mke mwenyewe hakumchagua kwa uangalifu huo. Vya visu alivikataa, eti vinakatakata buni badala ya kuisaga. Cha kuzungusha kwa mkono, eti mama hana nguvu za viganja. Mama huyu huyu anayekanda unga kila Jumamosi. Halafu ikaja habari ya meno ya kusagia, yawe bapa au yawe mfano wa pia. Kwa hilo aliwauliza watu wa mtandaoni ambao hawajawahi kumwona mama wala hawajui Trieste iko wapi. Wakagombana wao kwa wao, naye akanisomea ugomvi wao kwenye simu huku supu yangu ya maharage inaungua. Nilimwambia anunue chochote chenye waya. Akanijibu kuwa watu kama mimi ndio tunaoifanya dunia inywe maji ya kuoshea vyombo.

Mwishowe akanunua kimoja, kizito kama mtoto anayekataa kutembea. Akakitega huko huko Udine, akizungusha pete inayosogeza meno karibu au mbali, mpaka kahawa ikatoka atakavyo. Kisha akaifunga pete kwa utepe na kuandika kwa wino mwekundu: USIGUSE. Jumapili akakileta, na siku hiyo ule upepo wetu wa Bora ulikuwa unang'oa kofia za watu barabarani.

Hapa kwetu nani asiyejua kwamba upepo huo ukivuma hewa hukauka, na buni iliyosagwa kama ya jana hupitisha maji kama chekecheke? Tangu utoto tumemwona Uccio akikaza kinu chake ili kisage laini zaidi, kabla hata hajavua koti. Furio naye alikuwa amesimama pale pale na sisi. Lakini amekaa Udine mpaka Udine imemwingia kichwani.

Alivaa aproni, dada. Maji yakapita kabla hajamaliza maelezo, kahawa ikatoka nyepesi, chachu, rangi ya chai. Mama akaionja, akaweka kikombe taratibu, akachukua koti. Furio akasema tatizo ni ulimi wa mama, umezeeka. "Ulimi huu ndio uliokufundisha kuongea," mama akamwambia, "na naona ulikosea." Akashuka zake. Nilifurahi, siwezi kukuficha.

Sasa lile nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Furio alipoondoka niliubandua ule utepe, nikaikaza pete kidogo tu, kwa udadisi. Kahawa ikatoka polepole, nzito, na povu la rangi ya karanga. Nilitaka kuimwaga, lakini mama alikuwa amesharudi, yuko mlangoni na kofia yake kichwani. Akaniomba kikombe. Akanywa yote amesimama, kama anywavyo kwa Uccio.

"Uccio hajawahi kunipa kahawa kama hii," akasema. Halafu akaketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee.

Kisha akaniambia, "Ondina, rudisha pete. Tena ilegeze zaidi ya pale alipoiacha, maana upepo hautavuma kila Jumapili. Utepe ubandike juu kama ulivyokuwa." Nikamuuliza, na kaburi la baba je? Akasema atalijibu yeye mwenyewe akifika huko.

Ndivyo tunavyoishi. Furio akija anapata maji, analaumu meno, na sasa anatafuta kinu kingine. Atakupigia kukuomba ushauri. Msifie meno bapa, na akikubali, msifie yale ya mfano wa pia. Akikuuliza habari za upepo, wewe hujui kitu.

Mama anashuka kila asubuhi ameshika ukuta, hataki nimsindikize. Mimi nasimama mlangoni nasikiliza hatua zake mpaka mlango wa chini ufungwe, ndipo napumua. Kisha naingia jikoni, nakaza pete, nakunywa kikombe changu peke yangu. Ni kahawa nzuri sana, dada. Alichagua vizuri, mjinga yule, na hakuna atakayemwambia.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Alitaka kukuongezea mistari miwili hapa chini kwa mkono wake, lakini ameshavaa kofia.

Mdogo wako akupendaye,
Ondina