Nikatie Sale Moja, Doris

Doris, uko? Jirani, nisikilize.

Mjukuu wangu Remigius kaharibu kisu cha lori la bosi wake! Kile cha mbele, cha kusukumia tope barabarani.

Nilimwambia, "Baba, inua kisu, hapo mpakani pana jiwe chini ya tope."

Akacheka. "Liko wapi, Bibi? Mbona sioni hata sale?"

Atayaonaje, na masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, kayang'oa mwenyewe juzi apanue njia?

Kisu kikagonga jiwe, kaaa! Kikapasuka. Kimepasuka, Doris!

Bosi anapanda kutoka Moshi sasa hivi. Asiposamehe, kazi imekwisha.

Sasa mtoto ananinong'oneza, "Bibi, nipe jani la sale nikamwombe msamaha; kwa mila yetu, akinyooshewa sale hawezi kukataa."

Sale lipi, na kayamaliza? Nikatie moja kwako, nakuja mbio.